Tribinali inaenda vakansi, siku zako zinaendelea kuhesabiwa

Katikati ya mwezi wa nane tribinali zetu zinaingia vakansi, na rentrée inakuwa katikati ya mwezi wa kumi. Miezi mbili. Si kosa ya mtu, ni sheria, na iko vile kila mwaka kutoka Kinshasa mpaka Kolwezi. Lakini kila mwaka vilevile tunaona watumikaji wanafika ku mlango wa tribinali na karatasi mu mkono, wanaambiwa: "Papa, urudie mu mwezi ya kumi." Wanarudi nyumbani, Manika ao Luilu, wanangoja. Kungoja kule njo nataka tuzungumzie, juu mu ile miezi mbili mtu anaweza kupoteza mushahara wake bila zuzi yeyote kufungua dossier.

Nianze na kosa yangu mwenyewe. Miaka fulani imepita, mwendeshaji mmoja wa lori kubwa, wa kampuni moja ya sous-traitance, alikuja kuniona. Hawakumulipa mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili na wa kwanza. Mwezi wa sita wakamufukuza, juu alikuwa anauliza sana. Sisi ba delege tulienda kuongea na wakubwa, wakatupa ahadi, mwezi wa saba ukaisha na ahadi. Siku alijikaza kwenda tribinali, vakansi ilikuwa imekwisha kuanza. Mimi nikamwambia: "Ngoja rentrée, tutaanza muzuri." Nilikuwa delege, nilipashwa kujua.

Mwezi wa kumi tukarudi. Watu walikuwa wengi, kila mtu na kesi yake iliyolala. Paka katikati ya mwezi wa kumi na moja njo mtu aliangalia karatasi zetu, akauliza: procès-verbal ya inspekta wa kazi iko wapi? Hatukuwa nayo. Kufika ku inspection, tulikuwa tayari mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Mushahara wa kwanza ule haukulipwa ulikuwa umepita mwaka moja na siku chache. Avoka wa kampuni hakusema mengi. Alisema prescription, na ule mwezi ukafa. Ile miezi mingine mbili ilipona. Bibi yake, ambaye aliuzisha makala ile wakati yote ili watoto waingie masomo, aliniuliza: "Sasa weye delege, ulikuwa unangoja nini?" Sikukuwa na jibu.

Code du travail ya 2002, artikle 317, inasema wazi: kudai mushahara iko na mwaka moja, kuhesabu tangu siku ulipashwa kulipwa. Madai mengine ya kontra, kama vile kufukuzwa bila sababu ya kweli, iko na miaka tatu. Na sheria inataja mambo inayoweza kukatisha ile hesabu. Moja ni kuita mwenzako mbele ya tribinali. Ingine ni barua ya kudai unapeleka kwa mwajiri, kwa posta na kurekomande, ao mu mkono na accusé de réception. Ingine tena ni madai unaweka mbele ya inspekta wa kazi. Vakansi ya tribinali haiko mu ile liste. Mwaka moja iko na miezi kumi na mbili. Ukitoa mbili za kungoja mlango ufunguliwe, umebaki na kumi.

Sasa angalieni vizuri. Inspection du travail haiko tribinali. Ni buro ya serikali, inatumika mwezi wa nane na wa kenda kama miezi mingine. Na ugomvi wa mtumikaji mmoja na mwajiri wake hauwezi kupokelewa ku tribinali ya kazi kama haujapita kwanza kwa inspekta, ajaribu kuwapatanisha. Basi ile hatua ya kwanza unaweza kuifanya wakati wa zuzi wamepumzika. Wakirudi, wewe uko na procès-verbal yako mu mkono. Sisi tulifanya kinyume: tulingoja tribinali ndipo tuende kwa inspekta.

Sisemi zuzi asipumzike. Sisi wenyewe tunapigania konje kila tunapojadili convention, na mtu wa posti ya usiku anajua mwili unaomba nini. Zuzi iko na hukumu za kuandika, na zingine zinaandikwa mu ile miezi. Kule Ulaya desturi hii ni ya zamani, ilifuata wakati wa mavuno: watu walikuwa ku mashamba. Ubelgiji mpaka leo wanafunga mwezi wa saba na wa nane. Kwetu mu Lualaba mwezi wa kenda na wa kumi ni wa kutayarisha mashamba na kungojea mvula, mahindi yalivunwa zamani. Lakini mine haina mavuno wala vakansi. Malori yanapita usiku na mchana, na barua za kufukuza zinatoka mwezi wowote.

Wengine wamefikiria hii shida. Kule Kenya, kanuni za kesi za madai zinasema siku za kutoka tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 13 mwezi wa kwanza haziingie mu hesabu ya muda wa kupeleka makaratasi ya kesi, paka zuzi aamuru ingine na aandike sababu. Inagusa makaratasi tu, si deni lenyewe. Lakini kule mtu alikumbuka kama mlango ukifungwa, saa nayo isimame.

Neno lingine, kwa familia za wale wanashikwa. Kila mara kijana wa mu kité anashikwa juu ya mufuko wa minerai ao kipande cha cuivre, na mama yake anaambiwa zuzi iko vakansi, angoje. Asikubali. Kesi za uhalifu na mambo ya kufungwa haingoje rentrée. Katiba, artikle 18, inasema garde à vue isipite saa 48. Kisha pale wamuachilie ao wamupeleke mbele ya autorité judiciaire; zuzi akiamuru afungwe, ordonnance yake ya kwanza iko ya siku 15. Kuongeza, ni mwezi kwa mwezi, na kila mara inarudi mbele ya zuzi. Kwa kazi hiyo kuna zuzi wanaobaki. Mama auluze jina na siku yao.

Na hapa njo ombi letu kwa wakubwa wa tribinali za Lualaba, na linaomba karatasi moja tu: waibandike ku mlango mbele ya tarehe 15, iandikwe mu Kifaransa na mu Kiswahili, nani anabaki, siku gani wanakaa, na kama greffe inapokea makaratasi. Yule mtu wa mlangoni hana kosa kama hakuna mtu alimwambia. Na kesi za mushahara ziwekwe kati ya zile za haraka. Mtu mwenye hajala haiko wa haraka, ni nani?

Mtu ambaye hakulipwa mwezi wa nane ao wa kenda wa mwaka jana, mwaka wake unaisha katikati ya hii vakansi. Huyo aje ku sindika wiki hii. Alete kontra, bulletin za mwisho, na barua ya kufukuzwa kama iko nayo. Barua tutaandika pamoja, copi mbili: moja ibaki ku kampuni, moja irudi na tarehe, muhuri na sinyature.