Pilates Siyo ya Mastaa wa Dar Tu, Hata Ifakara Mkeka Upo

Siku hizi kila staa wa kike mjini ana klipu yake ya Pilates. Mmoja yuko juu ya mashine yenye springi na mikanda, mwingine kavaa seti mpya inayomkaa sawasawa, kioo kikubwa nyuma, muziki kwa mbali. Maoni chini ni yale yale: "shepu hiyo!", "hayo ni ya wenye hela", "sisi tutaishia kuangalia". Klipu hizo hizo zinafika mpaka Ifakara, na huko ndiko ubishi mtamu uliko.

Yupo binti mmoja pale Ifakara, msusi, ambaye ameanza Pilates alfajiri kabla hajafungua saluni. Mashine hana, darasa la kwenda hana. Ana mkeka, blanketi la kukunja na bando la kuunga unga. Basi maneno yakaanza: anajifanya wa Masaki, anamuiga yule msanii. Shangazi yake akamaliza kabisa: "We mtoto, unataka mazoezi? Jembe lile pale, nenda kapalilie mpunga."

Watu walicheka, na shangazi anaongea kwa uzoefu. Ila hapo, kwa heshima zote, kachemka.

Bonde la Kilombero linalisha watu wengi kwa mpunga, na anayelijua anajua mpunga unalimwa kwa kiuno. Kupandikiza ni kuinama, kupalilia ni kuinama, kuvuna kwa mundu ni kuinama tena. Jioni mtu anashika mgongo, anameza dawa ya maumivu, kesho asubuhi shamba. Msusi naye ni hivyo hivyo: kutwa kasimama, shingo chini, mabega mbele. Kazi inamchosha mtu kwa kurudia mkao mmoja, wakati mazoezi yanaimarisha ile misuli ya tumbo, nyonga na mgongo inayobeba huo mkao. Kuchoka na kuwa imara ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Na hii habari kwamba Pilates ni ya matajiri, historia inaikataa. Aliyeianzisha ni Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kukua akiwa mtoto wa kuugua ugua. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini na Wajerumani wenzake, na huko ndiko alikokuwa akiwafundisha wenzake mazoezi. New York na wacheza dansi wake vilikuja baadaye, mwaka 1926. Kitabu chake cha mwaka 1945 kina mazoezi 34, yote ya kufanyia chini. Kwa hiyo mwenye mkeka hajapungukiwa kitu cha kuanzia.

Pamoja na hayo, tusidanganyane. Mastaa wanaonyesha mwisho wa safari. Ile ya kukaa kwa makalio, miguu na mikono yote hewani, siyo ya siku ya kwanza. Mgeni anaanza kwa kulala chali, magoti kakunja, anajifunza kupumua bila kubana shingo. Halafu anainua nyonga polepole, anashusha polepole. Halafu mguu mmoja mmoja. Dakika 15, mara 3 kwa wiki, zinamtosha. Shingo ikianza kuuma kuliko tumbo, kuna kitu amekosea, apumzike. Na kwa kuwa mwalimu hayupo, amtafute rafiki wa kumtazama, maana mgongo wako mwenyewe huuoni.

Wale wanaoahidi kitambi kuisha ndani ya siku 14 waachwe na biashara yao. Hata kwa maumivu ya kiuno, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015 yaliona Pilates inasaidia kuliko kukaa tu, ila hayakupata ushahidi wa kutosha kusema inayashinda mazoezi mengine. Kwa hiyo ni mazoezi mazuri, siyo muujiza. Mjamzito, aliyejifungua juzi, aliyefanyiwa upasuaji, au mwenye maumivu yanayoshuka mpaka mguuni aanzie hospitali, siyo kwenye klipu.

Wanaomcheka huyu msusi wajiulize jambo moja. Mgongo ndio mtaji wake. Ukigoma akiwa na miaka 30, hakuna mcheka hata mmoja atakayemlipia kodi ya fremu. Anajitunza kwa bei ya mkeka, halafu anaambiwa anaringa! Shangazi naye, badala ya kumrudisha shambani, angelala naye hapo chini dakika 10. Kiuno chake kimepalilia misimu mingi, kinastahili huduma kuliko cha mtu yeyote.

Na mastaa nao wabadilike kidogo. Nyuma ya klipu nyingi kuna mwalimu anayelipwa na miezi ya kujifunza, ila mtazamaji haoni hayo. Siku moja waposti somo la kwanza, lile la kutetemeka na kushindwa, sakafuni, bila mashine. Likes zinaweza kupungua, lakini kuna binti wa Ifakara, Mlimba au Mang'ula ambaye hiyo ndiyo klipu anayoihitaji.