Filimbi ya Sekunde ya Mwisho

 

Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na filimbi.

Wengi wenu mmeshaiona ile video. Jumamosi iliyopita vijana wetu wa vyuo walicheza mpira wa vikapu na vijana wa kanisa jirani. Pointi zilikuwa sawa na muda umebaki pumzi moja tu. Kijana wa upande wa pili akaruka kutupa, kijana wetu akaruka kumzuia, filimbi ikalia. Faulo. Akapewa mitupo huru miwili, mmoja ukaingia, tukashindwa kwa pointi moja.

Tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Kijana aliyeitiwa faulo hakuja ibadani Jumapili. Refa, ambaye ni ndugu yetu hapa kanisani na anajitolea bila malipo, aliandikwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba "alikula kitu". Jumatatu jioni alikuja kwangu, akaketi, akaniambia anaomba kupumzika huduma. Mpendwa, mchezo ulichukua chini ya saa mbili, na sisi tunakaribia kupoteza watu wawili.

Mimi nilikuwa nimeketi karibu kabisa na mstari. Mkiniuliza, nitasema ukweli: kwa macho yangu haikuwa faulo. Kijana wetu aligusa mpira, hakugusa mkono. Nimesema. Sasa nisikilizeni mpaka mwisho.

Kuna Wakristo wanaofundisha kwamba ukionewa, nyamaza tu, kulalamika ni dhambi. Mimi sikubaliani nao. Paulo alipopigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, asubuhi walipotaka kumtoa kimyakimya alikataa, akataka wakubwa waje wenyewe (Matendo 16). Alipoona hapati haki kwa Festo, alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Mtu wa Mungu anaweza kukata rufani. Swali ni unaikatia wapi, na moyo wako uko wapi wakati unaikata.

Mnakumbuka tarehe 5 Agosti 2024, kule Paris? Mbio za wanawake za mita 5000. Beatrice Chebet akachukua dhahabu, Faith Kipyegon akawa wa pili, Kenya nzima tukapiga kelele. Kelele hazijaisha tukasikia Faith ameondolewa kwa kosa la kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, kwa sababu walisukumana wakiwa mbioni. Fedha ikaenda kwa Sifan Hassan. Usiku huohuo Kenya ikakata rufani, waamuzi wa rufani wakaangalia upya, na Faith akarudishiwa medali yake.

Lakini tazama kilichofuata. Kesho yake asubuhi alikuwa na raundi ya kwanza ya mita 1500. Angeweza kukesha na hasira. Yeye alikimbia. Tarehe 10 Agosti akashinda dhahabu ya mita 1500 kwa mara ya tatu mfululizo katika Olimpiki, kwa rekodi mpya ya Olimpiki, 3:51.29. Rufani ilikatwa mahali pake, na miguu ikaendelea na mbio zilizobaki.

Utaniambia, "Pastor, yeye alirudishiwa. Je, asiyerudishiwa?" Swali zuri. Twende Marekani.

Tarehe 6 Aprili 2019, mjini Minneapolis, ilikuwa nusu fainali ya mpira wa vikapu wa vyuo vikuu, Virginia na Auburn. Auburn walikuwa mbele 62 kwa 60. Zilipobaki sekunde 0.6, Kyle Guy wa Virginia alitupa kutoka kona, nje ya mstari wa pointi tatu. Samir Doughty wa Auburn akaruka kumzuia, wakagusana. Mpira haukuingia, lakini filimbi ililia. Kwa sheria, ukimchezea faulo mtu anayetupa kutoka huko, anapewa mitupo huru mitatu. Guy akasimama peke yake, akaingiza yote mitatu. Virginia 63, Auburn 62. Siku mbili baadaye Virginia wakawa mabingwa.

Mpaka leo watu wanabishana. Na wenye kubishana wana jambo jingine la kusema: sekunde chache kabla ya faulo hiyo, mchezaji wa Virginia, Ty Jerome, aliushika mpira baada ya kuudunda, kisha akaudunda tena. Hilo ni kosa, na mpira ulipaswa kwenda kwa Auburn. Filimbi haikulia. Kwa hiyo mtu wa Auburn ana haki ya kusema, "Kosa lao halikuonekana, letu likaonekana."

Lakini rudi nyuma kidogo zaidi. Zikiwa zimebaki kama sekunde saba, Jared Harper wa Auburn alipewa mitupo huru miwili. Hakuna aliyemzuia, hakuna refa aliyemwonea. Akaingiza mmoja, akakosa mmoja. Angeingiza yote miwili, ile mitupo mitatu ya Guy ingesawazisha tu. Simlaumu kijana huyo, maana ni yeye na wenzake waliotoka nyuma kwa pointi kumi wakaongoza. Nasema tu kwamba mchezo ule una dakika 40, na sisi tunakumbuka sekunde moja, ile iliyotuumiza.

Kocha wao, Bruce Pearl, alipoulizwa baadaye, hakumrukia refa. Alisema maana yake kwamba katika mchezo kuna maamuzi mengi, mengine utayapata na mengine hutayapata, na akaomba mchezo ule mzuri usikumbukwe kwa jinsi ulivyoisha peke yake. Mpendwa, hilo ni neno la mtu aliyepoteza nafasi ya fainali kwa pointi moja. Wewe ulipoteza nini Jumamosi?

Na hapa nataka nikuulize swali gumu. Je, unaweza kukumbuka filimbi tatu zilizokupendelea? Za kukuonea unazo kwenye ncha ya ulimi. Hapa kwetu mzee anaweza kukusimulia penalti ambayo Ingwe ilinyimwa kabla wewe hujazaliwa, lakini muulize ile iliyopewa bure, atakuambia hakumbuki. Jumamosi hiyohiyo, robo ya tatu, mchezaji wetu alikanyaga nje ya mstari kisha akafunga. Refa hakuona. Mimi niliona. Hata nyinyi mliokuwa upande wangu mliona, na mkapiga makofi. Zile pointi mbili hamkuziandika WhatsApp.

Sasa niwaonye kwa upendo. Kuna kushindwa mchezo, na kuna kurithisha kushindwa.

Mwaka 1972, kule Munich, katika Olimpiki ileile ambayo Kipchoge Keino wetu alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, fainali ya vikapu ilikuwa Marekani na Umoja wa Kisovieti. Wamarekani wengi walikuwa vijana wa vyuo. Zikiwa zimebaki sekunde tatu, Doug Collins aliangushwa vibaya akielekea kwenye kikapu. Akainuka, akaingiza mitupo yote miwili, Marekani 50, Wasovieti 49. Kisha zile sekunde tatu zikachezwa, zikarudiwa, zikarudiwa tena mara ya tatu. Katika ile ya mwisho Alexander Belov akafunga, ikawa 51 kwa 50. Rufani ikakataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Vijana wale walikataa medali za fedha, na hakuna aliyekwenda kuchukua yake. Kapteni wao, Kenny Davis, aliandika katika wosia wake kwamba mke wake na watoto wake wasije kuipokea kamwe.

Simhukumu mzee huyo. Naamini kabisa walionewa, na kukataa medali siku ile kulikuwa na heshima yake. Lakini neno hilo "wosia" limenikalia moyoni. Kwa sababu hapa kwetu Kakamega nimezika wazee walioacha wosia wa namna hiyo bila karatasi. "Watoto wangu, kwa yule baba yenu mdogo msikanyage." Mpaka wa shamba ulihamishwa hatua mbili, chifu akaamua vibaya, na leo wajukuu hawasalimiani njiani wala hawajui ugomvi ulianza vipi. Uamuzi mbaya uliwanyima hatua mbili za udongo. Uchungu ukawanyima ukoo mzima. Ndiyo maana Waebrania 12 inatuonya juu ya shina la uchungu, kwamba likichipuka linawatia wengi unajisi. Wengi, si mmoja.

Sasa andiko langu la leo, Mwanzo 26. Isaka alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Hakukana kwamba kilikuwa chake, bali alikiita Eseki, ugomvi. Alikiita kwa jina lake halisi. Akachimba cha pili, nacho wakakigombania, akakiita Sitna. Akaondoka, akachimba cha tatu, hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amemfanyia nafasi. Angebaki amekaa ukingoni mwa Eseki akirekodi video, Rehobothi isingechimbwa.

Basi haya ndiyo ninayowaomba, na nayasema nikiwa mchungaji wenu.

Wewe uliyeandika kwamba refa alikula kitu: kama una ushahidi, uje nao kwangu na kwa wazee. Kama huna, futa, kisha mwendee ndugu yako umwombe msamaha ana kwa ana, kama Mathayo 18 inavyotutuma kwa ndugu zetu. Kusema "alikosea" ni maoni. Kusema "alihongwa" bila kujua ni kumshuhudia jirani uongo.

Ndugu yangu refa: usipumzike. Nadhani ulikosea, nimekuambia uso kwa uso na leo nasema hadharani. Lakini kukosea si kuuza haki. Hata mimi nimewahi kupuliza filimbi vibaya. Niliamua ugomvi wa ndugu wawili baada ya kusikia upande mmoja tu, na ilinibidi nirudi kusimama mbele yao wote niseme, "Hapo nilikosea." Sikupungukiwa na kitu. Jaribu na wewe.

Na wewe mwanangu uliyeruka kuzuia: uliruka vizuri. Mchungaji wako aliona. Kama unataka kulalamika, andikia walioandaa mashindano, nami nitatia sahihi yangu chini ya yako. Wakikubali, Mungu asifiwe. Wakikataa, bado kuna mechi nyingine, na bado kuna kiti chako Jumapili. Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kwa hukumu mbaya kuliko zote, naye akajikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki (1 Petro 2:23). Filimbi ya mwisho kabisa haiko mkononi mwa mwanadamu.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kusema ukweli tukionewa, na uaminifu wa kuusema tukipendelewa. Ng'oa uchungu kabla haujawafikia watoto wetu. Tuonyeshe pa kuchimba kisima kinachofuata. Katika jina la Yesu, amina.

Kama kuna mtu umeacha kumsalimia kwa sababu ya filimbi ya zamani, usiandike "Amina" hapa chini kwanza. Mpigie simu. Ukimaliza, rudi uandike "Rehobothi".

Tuonane Jumapili.