Kizazi Hakishuki kwa Laana

Kizazi kushuka ni ugonjwa ambao mwanamke humnong'oneza shoga yake, daktari akafichwa. Kwa kuwa hausemwi waziwazi, maneno ya vichochoroni ndiyo yamegeuka elimu yake. Tuyapime matano yanayorudiwa sana.

"Ni laana, au malipo ya uzinzi."

Kizazi kisicho na mimba kina uzito wa gramu 60 hivi, na kimeshikwa kwa njia mbili. Kano na tando za tishu unganishi, zilizofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, hukishikilia kwenye mifupa na kuta za nyonga. Chini yake, misuli ya sakafu ya nyonga hubeba uzito. Madaktari wa wanawake hupenda mfano wa chombo kilichofungwa gatini: misuli ndiyo maji, kano ndizo kamba. Maji yakipwa, mzigo wote huziangukia kamba, nazo huvutika hadi zikalegea. Yanayoleta hali hiyo yanajulikana: uchungu wa saa nyingi, mtoto mkubwa, kikohozi sugu, choo kigumu cha kila siku, mizigo mizito, na kupungua kwa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma. Uzinzi haumo.

"Huwapata waliozaa sana tu."

Ni kweli kwamba kujifungua kwa njia ya kawaida ndicho chanzo kikuu, na kila uzazi huongeza hatari. Lakini aliyezaa mara moja naye humpata, na hata asiyezaa kabisa. Wapo waliozaliwa na kolajeni dhaifu, kama wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos. Kujifungua kwa upasuaji hupunguza hatari, hakuiondoi.

"Tumbo likikandwa na kufungwa, kitapanda."

Dai hili limeshikana na desturi yenye hekima. Mzazi anayepumzishwa siku arobaini, asibebe ndoo wala kuni, anazipa kano na misuli nafasi ya kupona. Huko Nepal, ambako wanawake wengi hurudia mizigo mizito mapema baada ya kujifungua, tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2008 Mahakama ya Juu ililitambua kuwa suala la haki ya uzazi. Kinachosaidia, basi, ni kupumzika. Kanga iliyokazwa hubana ukuta wa tumbo. Haizifikii kano zilizo ndani ya nyonga, na ikikazwa kupita kiasi husukuma shinikizo kwenda chini. Mafusho na dawa za kuingiza ukeni zina hatari zaidi, kwani huweza kuunguza na kuleta maambukizi. Wagiriki wa kale walifukiza pia, tena waliwaning'iniza wagonjwa kichwa chini miguu juu. Kano iliyolegea haikazwi kwa njia hiyo.

"Mazoezi ya kubana ni mzaha."

Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi haya ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga mwaka 1948, na tangu hapo yamepimwa. Utafiti uitwao POPPY, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet, ulihusisha wanawake 447. Waliofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kila mmoja peke yake, walipata nafuu ya dalili kuliko waliopewa kijitabu cha ushauri tu. Mazoezi hayaikazi upya kano iliyokwisha kuvutika. Huyarudisha maji chini ya chombo. Ndiyo maana hufaa zaidi pale kizazi kinapokuwa hakijashuka sana.

"Dawa yake ni kukitoa tu."

Kwanza kuna pesari, kifaa cha silikoni, mara nyingi chenye umbo la pete, kinachovaliwa ukeni kuzuia kizazi kisishuke. Fikra yenyewe ni kongwe: Wagiriki wa kale walitumia nusu ya komamanga. Pili, upo upasuaji wa kukirudisha kizazi na kukifunga mahali pake bila kukitoa. Tatu, kukitoa peke yake hakutengenezi kano. Sehemu ya juu ya uke nayo huweza kushuka baadaye. Si kila upasuaji ni salama sawa: Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kusitishwa kwa uuzaji wa nyavu za kupandikizwa kupitia ukeni kwa tatizo hili. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, muulize daktari atakachoondoa, atakachofunga, na atakifunga kwa kitu gani.

Kushuka kwa kizazi si saratani wala hakuambukizi. Ukihisi uzito ukeni, kinyama kikitokeza, au mkojo usioisha, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo, bila kuzunguka. Ukiona damu au mkojo ukiziba, nenda siku hiyohiyo. Nawe mume, mpe nauli, mpokee ndoo, na usimuulize alifanya nini.