Heshima Si Utumwa: Neno kwa Wanaoitwa Usailini

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Maombi yaliyoingia yalifika 135,027. Ukigawanya, utaona kila nafasi moja iliombwa na watu karibu 85. Na wenye kumbukumbu hawajasahau Juni 2014, pale vijana zaidi ya 10,000 walipojaza viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Hiyo ndiyo hali ya soko letu la ajira, na hakuna mawaidha yatakayozigeuza nafasi 70 zikawa 10,000. Anayewaahidi vijana hivyo anawauzia maneno.

Hata hivyo liko jambo lililo mikononi mwa kijana mwenyewe, nalo ni namna anavyoingia katika chumba cha usaili na namna anavyotoka. Wengi huingia na moja ya maradhi mawili. Yupo anayeingia na woga: kila swali kwake ni mtego, kila msaili ni hakimu, naye huitikia "ndiyo, mheshimiwa" hata pale anapopaswa kusema hapana. Yupo pia anayeingia na kiburi, alichokivaa kuuficha woga uleule: akikatishwa neno hununa, akikosolewa hubisha. Maradhi haya yana chanzo kimoja, ambacho ni kutojiandaa. Wahenga walituachia neno fupi: heshima si utumwa. Aliyeijua kazi anayoiomba anaweza kumheshimu msaili mkali bila ya kumsujudia, na anaweza kumkatalia bila ya kumtukana. Asiyeijua hana njia ila moja kati ya hizo mbili mbaya.

Tuanze na lililo jepesi, ambalo ndilo linalowaangusha watu kwa aibu kubwa. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lisomwe mpaka nukta ya mwisho. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hurudia masharti yaleyale mwaka nenda mwaka rudi: msailiwa aje na kitambulisho, aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi cha chuo, kwa kadiri ya sifa za kazi; hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi; aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika; na kila mtu ajigharamie usafiri, chakula na malazi. Pamoja na hayo, bado wapo wanaopanda basi kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, wakafika kwenye meza ya uhakiki na karatasi ya matokeo mahali pa cheti. Wapo ambao cheti kimoja kina majina matatu na kingine mawili, na hawana hati ya kisheria ya kuthibitisha kwamba mwenye majina hayo ni mmoja. Hao hawakuonewa na mtu. Kama jina lako linatofautiana hata kwa herufi moja, lishughulikie leo, kwani hati hiyo haitafutwi asubuhi ya usaili.

Baada ya makaratasi, kazi yenyewe. Vijana wengi hujiandaa kwa kukusanya maswali ya usaili uliopita na kuyakariri pamoja na majibu. Kuyajua maswali hayo kuna faida, ila jibu la kukariri halina mizizi: msaili akiuliza tu "kwa nini?" linang'oka. Njia bora ni kuchukua tangazo la nafasi, lenye orodha ya majukumu, na kulipitia jukumu moja moja. Je, nimewahi kulifanya? Wapi? Nilikwama wapi, nikajikwamuaje? Kama sijawahi, wanaolifanya hulifanyaje? Kwa hilo la mwisho, nenda kamuulize anayeifanya kazi hiyo. Mwombaji wa nafasi ya ofisa mtendaji wa kijiji akikaa saa mbili na mtendaji wa kijiji chake, akaona jinsi muhtasari wa mkutano unavyoandikwa na jinsi mgogoro wa mpaka wa shamba unavyosikilizwa, atakuwa na maneno ambayo hayapatikani katika maswali ya kunakili.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni kujitambulisha, na hapo wengi hupoteza dakika za dhahabu kwa kueleza mahali walipozaliwa na idadi ya ndugu zao. Jopo lina wasifu wako mezani. Sema ulichosomea, kazi uliyoifanya hata kama ni ya kujitolea, jambo moja ulilolikamilisha, na jinsi linavyohusiana na nafasi unayoiomba. Dakika mbili zatosha. Lugha nayo ni mtihani, kwa kuwa yapo majopo yanayouliza kwa Kiingereza. Jizoeze kujibu kwa sauti, nyumbani, kwa sentensi fupi zilizonyooka. Neno likikupotea, omba kwa adabu ruhusa ya kufafanua kwa Kiswahili. Kuomba huko kuna staha kuliko kupapasa hewani.

Sasa tuje kwa msaili mgumu. Tuseme yuko binti anayeomba nafasi ya uhasibu. Mbele yake wamekaa watu watano, kila mmoja na karatasi ya alama. Mmoja haangalii mtu, anaperuzi simu. Wa pembeni anamuuliza:

"Mkuu wako wa idara akikuletea hati ya malipo isiyo na viambatisho, akakwambia uiandalie malipo haraka, utafanya nini?"

"Nitamrudishia na kumweleza kiambatisho kinachokosekana, iwe ni ankara au hati ya kupokelea mali."

"Amesema haraka. Kwa hiyo utakataa amri ya mkubwa wako? Wewe uliyeajiriwa juzi?"

Hapa chumba hunyamaza. Aliyekariri huanza kurudi nyuma: "Basi nitaandaa, halafu viambatisho vitafuata." Amekwisha. Lakini aliyeielewa kazi hujibu kwa sauti ileile aliyoanza nayo: "Nitamsaidia kukitafuta kiambatisho siku hiyohiyo, ili malipo yasichelewe. Akisisitiza nilipe bila hicho, nitamwomba anipe maelekezo kwa maandishi na nitamjulisha mhasibu mkuu. Mkaguzi akija, mheshimiwa, sahihi atakayoikuta ni yangu."

Tazameni kilichofanyika. Msaili alipandisha ukali kwa makusudi, maana kazini watakuwapo wakubwa watakaofanya hivyohivyo, naye alitaka kujua kama fedha za umma zitakuwa salama mikononi mwa mtu huyu. Ukali ule ulikuwa sehemu ya swali. Maji ya moto hayachomi nyumba. Msailiwa anayelitambua hili halichukulii swali gumu kuwa chuki, wala hajibu sauti iliyomjia; hujibu jambo lililoulizwa.

Kwa anayekukatisha maneno, nyamaza, msikilize mpaka mwisho, kisha jibu alichouliza sasa, ukirudi kwa ufupi kwenye hoja yako ikiwa ni ya lazima. Kwa asiyekutazama, endelea kulihutubia jopo zima, na usimkodolee macho kama unayemdai. Kwa anayekidharau chuo chako, usianze kumtetea mwanzilishi wa chuo. Mweleze unachoweza kufanya. Swali usilolielewa, omba lirudiwe, kwani kuuliza si ujinga. Na swali usilolijua, sema hulijui, kisha eleza utakapolitafutia jibu, iwe ni kwenye mwongozo, kwenye sheria au kwa msimamizi wako. Wasaili wazoefu huinusa porojo kabla haijafika nusu.

Lakini ukali una mpaka, na vijana wafundishwe mpaka huo ulipo. Msichana akiulizwa ameolewa au la, na anatarajia kuzaa lini, hilo si swali la kupima uwezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu. Na kifungu hichohicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni mfanyakazi anayelindwa. Hana haja ya kuisoma sheria hiyo kwa hasira mbele ya jopo. Atajibu: "Nadhani swali linahusu kama nitaweza safari za kikazi. Nimeliona jukumu hilo kwenye tangazo, na niko tayari." Amelirudisha swali kazini, na amekilinda kilicho chake. Akinyimwa kazi kwa sababu hiyo, malalamiko ya ubaguzi yana mahali pake, nayo huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kuna jambo baya zaidi. Msaili akikuomba namba ya simu "mzungumze pembeni", akakutaka kimwili ili upate kazi, huyo ametoka kwenye ugumu na kuingia kwenye jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa ni kosa. Tunza ujumbe aliokutumia, usiufute kwa aibu, na piga simu TAKUKURU kwa namba 113. Aibu ni yake. Hali kadhalika anayedai fedha ili jina lako "lipite": kazi ya umma haiuzwi, na anayeiuza hana ya kukupa.

Nasikia wasomaji wakisema: "Mwandishi, unatuchosha bure. Kazi zina wenyewe." Sitawabishia kwamba upendeleo haupo, watu wameuona kwa macho. Ila nawauliza: kwa sababu mlango mmoja umefungwa na mwenye nguvu, ndipo nawe uufunge wa pili kwa mkono wako? Katika mchujo wa kuandika, maelfu hufanya mtihani mmoja, na wengi huangukia hapohapo, kabla ya jopo lolote kuwatazama usoni. Nafasi uliyoipoteza kwa cheti ulichosahau, au kwa kutosoma majukumu ya kazi, hukunyang'anywa na mtoto wa mkubwa. Zaidi ya hayo, mwenye haki ya kulalamika kwa sauti ni yule aliyetimiza upande wake. Malalamiko ya asiyejiandaa huwasaidia wapendeleaji, kwa kuwa huwapa la kujitetea.

Na nyinyi mnaokaa upande wa pili wa meza, neno lenu halitakosekana. Kiti hicho mmekalishwa ili mpime, na kipimo kizuri hakihitaji kejeli. Kijana aliyelala stendi kwa kukosa fedha za nyumba ya wageni anastahili jicho lenu kwa dakika zake chache. Simu zenu zitasubiri. Swali gumu mwulizeni, mbaneni mpaka mwisho wa ujuzi wake, hiyo ni haki ya umma. Lakini mkicheka matamshi yake au kijiji chake, mtakuwa mmeacha kazi mliyotumwa. Isitoshe, mtu hodari mliyemvunja moyo anaweza kwenda kuwatumikia wengine.

Mwisho, kijana, usaili hauishi unapofunga mlango. Aliyefaulu lakini nafasi hazikumtosha huweza kuwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti na kuitwa nafasi inapopatikana. Kwa hiyo simu yako iwe hewani na taarifa zako katika mfumo wa maombi ziwe sahihi. Jioni hiyohiyo andika kila swali uliloulizwa, ulivyojibu, na ulivyopaswa kujibu. Kisha wagawie wenzako. Tumezoea kuficha maswali kwa kuhofia kupitwa, na matokeo yake kila kundi linaanza upya na woga uleule. Kaeni watano au sita, mmoja awe msaili mkali kwelikweli, wengine wajibu kwa zamu, na anayekosea asahihishwe palepale. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla tangazo halijatoka. Likishatoka, muda wa kujifunza utakuwa umegeuka muda wa kutafuta nauli.