Tusiisingizie Damu

Ndugu zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega,

Kijana akimvunja mkewe mkono, au akimkata mwenzake panga mnadani, hatuchelewi kuhukumu: damu ya kwao hiyo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Babu yake anatajwa, watu wanatikisa vichwa, maongezi yameisha. Nawaomba tusiyamalizie hapo.

Damu ina sehemu yake, sikatai. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walichunguza vinasaba vya watu zaidi ya 46,000. Waliona kwamba vinasaba hivyo vinaeleza takriban sehemu moja ya kumi tu ya tofauti zetu katika kuguswa na hali za wengine. Kule Dunedin, New Zealand, watoto wa kiume walifuatiliwa tangu utotoni hadi umri wa miaka 26. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa wenye aina fulani ya kinasaba walielekea zaidi kwenye ukatili pale tu walipoteswa udogoni. Wenye kinasaba hichohicho waliolelewa vizuri hawakuwa na tatizo hilo. Wataalamu bado wanabishana juu ya kinasaba chenyewe. Madhara ya mateso hawayabishii.

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa miaka tisa yuko machungani, ndama kamponyoka kaingia kwenye pamba ya jirani. Jioni anachapwa mbele ya zizi kwa kamba ya ng'ombe. Wadogo zake wamesimama wanatazama. Yule kitinda mimba akianza kulia, anakaripiwa: nyamaza, au na wewe unazitaka? Aliyechapwa ni mmoja, lakini wote wamefundishwa kwamba maumivu ya ndugu yako hayakuhusu.

Msiseme tafiti hizo ni za Wazungu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapahapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi na wazazi au walezi ndio waliokuwa na ugomvi na utukutu zaidi.

Mtasema: mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu? Ni kweli, na wapo walioumizwa wakatoka na huruma kuliko sisi sote. Ila waliopotea hawapo kikaoni kutujibu.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, kabla ya habari za chama cha ushirika (AMCOS) na bei ya pamba, tuombe ajenda ya watoto. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto isimame ieleze imefanya nini. Kama haipo, iundwe siku hiyohiyo. Wazazi tuombe kuona kitabu cha adhabu shuleni: kanuni zinataka kila adhabu ya viboko iandikwe, visizidi vinne, na mchapaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, ni bure. Ibandikwe dukani, kisimani na mlangoni pa zahanati.

Na sungusungu, ninyi mnaokesha mkifuata nyayo za ng'ombe walioibwa, mnazijua nyumba ambazo mtoto hulia kila jioni. Bisheni hodi, mkae na baba yake mzungumze. Fimbo ziacheni nje.