Risala ya Wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, Kuhusu Mapato ya Bandari

Waheshimiwa Wabunge na Maseneta,

Sisi wakaazi wa Mji wa Kale, Kibokoni hadi Kuze, twawaletea risala hii kwa haki tuliyopewa na Kifungu cha 37 cha Katiba. Dai letu kuu ni hili: utajiri uingiao Kenya kwa mlango wa Mombasa uache sehemu yake Mombasa.

Hesabu za pato la kaunti zilizotolewa na serikali mwaka 2019 zilionyesha Nairobi ikitoa zaidi ya humusi ya pato la nchi. Mombasa haikufika asilimia 5. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu wa Nairobi. Twakumbusha tu kwamba mji wao ulianza kwa reli iliyoondoka kisiwani kwetu mwaka 1896 ikafika huko 1899, kisha makao ya serikali yakaifuata reli hiyo, nasi tukabaki na gati. Hadi leo shehena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki yapita bandari ya Kilindini.

Kifungu cha 209 kimeipa serikali kuu peke yake ushuru wa forodha. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani na ada za huduma zake. Malori, moshi na barabara zilizobomoka ni zetu. Ushuru wa makontena si wetu, nasi twangoja mgao sawa na kaunti isiyopakana na bahari. Lakini Sheria ya Madini ya 2016 yasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya pale yalipochimbwa. Kina cha Kilindini nacho ni neema ya Mungu kwa ardhi hii. Kwa nini mwenye mchanga wa titani apate fungu, na mwenye bandari akose?

Mwaka 2019 liliposhuka agizo la serikali la kusafirisha makontena kwa reli ya SGR hadi Embakasi, Nairobi, madereva, wenye yadi, mawakala wa forodha na akina mama wa vibanda vya chakula walipoteza riziki. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa iliona agizo hilo limekiuka Katiba, kwani wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022, Rais alitamka kazi ya kuyatoa makontena forodhani irudi Mombasa. Twashukuru, ila kilichorudishwa kwa tamko chaweza kuondoshwa kwa tamko. Twataka kiandikwe katika sheria.

Wengi wetu tuna jamaa Maskati. Oman ilihamisha shehena za Mutrah, bandari ya Maskati, mwaka 2014, lakini ilizipeleka Sohar, mji mwingine wa pwani, na Mutrah ikapangiwa kazi ya meli za watalii. Bandari yetu ya Zamani ilipopokonywa meli kubwa na Kilindini, iliachwa na majahazi machache. Twataka nayo ipangiwe kazi, manahodha na wavuvi wakiwa mezani.

Fort Jesus imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011, na mji ulioizunguka ni eneo la hifadhi. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadili roshani wala mlango wa nakshi apendavyo, na gharama ya kuutengeneza ni yake. Wajane wengi hawaimudu. Fungu la tiketi za ngome liwekwe katika mfuko wa kutengeneza nyumba hizi.

Maji nayo! Kisiwa chategemea vyanzo vya Mzima, Baricho na Marere, vyote nje ya kaunti, na mifereji hukauka siku nyingi. Mapato ya bandari yaanzie hapo.

Twaomba mswada wa mgao wa mapato ya bandari ufikishwe Bungeni kabla ya bajeti ijayo, na vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi vifanywe hapa Mombasa, kwa Kiswahili.

Ni sisi,
Wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa