Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vijana wenye kisukari waulizwe kabla ya kufokewa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzazi wa kijana mwenye kisukari aina ya kwanza. Insulini anaipata, na kwa hilo nashukuru. Ninaloomba leo halihitaji bohari ya dawa: ni namna vijana hawa wanavyopokelewa wakiingia kwa daktari.

Siku ya kliniki, pita kwenye mabenchi asubuhi. Utawakuta wameinamia madaftari ya sukari, wanajaza vipimo vya wiki nzima kwa kalamu moja: 6.2, 7.1, 5.9. Si waongo. Wanajua kwamba atakayeandika 19 atafokewa mbele ya watu na kuulizwa kama anataka kupofuka. Basi daktari anapanga dozi kwa namba zisizokuwepo, na kipimo cha HbA1c, chenye kuonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu, kikiwaumbua, wanafokewa upya. Wengine wanaacha kabisa kuja.

Hiyo 19 ina sababu. Stripu zimeisha. Anaona haya kujichoma darasani. Au ni balehe tu, maana homoni zake hupunguza nguvu ya insulini hata kwa mtoto mwenye kufuata kila kitu. Hili vijana wangapi wameelezwa?

Muuguzi mmoja alimuuliza mwanangu, kwa upole, usiku anaogopa nini. Akasema anaogopa sukari kushuka akiwa usingizini, ndiyo maana sindano ya jioni huipunguza. Karipio lisingemtoa neno hilo. Wakapanga upya dozi, na sukari ikaanza kutulia. Kisha muuguzi akahamishiwa wodi nyingine.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoa matokeo mwaka 1993 ulithibitisha kuwa kudhibiti sukari vizuri hulinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Waliofanikiwa hawakuachiwa sindano peke yake: walionana na timu yao kila mwezi, na katikati walipigiwa simu.

Mheshimiwa, toa mwongozo: kijana aonwe na mhudumu yuleyule kadiri inavyowezekana, apewe dakika chache bila mzazi, na daftari lenye namba mbaya lisiwe kosa. Akifika umri wa kuhamia kliniki ya watu wazima, anayemhudumia sasa amkabidhi ana kwa ana kwa atakayempokea, asitumwe na faili tu.

Mzazi, Morogoro